Kusafisha Nyumbani Filamu ya Nyeusi na Nyeupe Iliyopita Muda Wake: Mwongozo Kamili

Rola ya kwanza ya zamani niliyowahi kupewa nisafishe ilitoka kwenye sanduku la shangazi, Tanga. Ilikuwa Kodak Verichrome Pan ya 120 (ile filamu pana inayoviringishwa pamoja na karatasi), imeshapigwa, imefungwa kwa kile kikaratasi chake cha gundi, na nyumba nzima hakuna aliyekumbuka ilipigwa mwaka gani. Niliisafisha kama filamu mpya, ila nikaongeza dakika nne nikidhani picha zilizokaa sana zinahitaji kuvutwa kwa nguvu. Maji yalikuwa ya bomba, adhuhuri ya Februari. Filamu ilitoka nyeusi kama mkanda wa kaseti. Nilipoiweka mbele ya taa kali niliona mabega ya watu watatu na ukingo wa dirisha. Mabega ya nani, shangazi hakuweza kusema, na hatutajua tena.

Nilikosea mara tatu: sikupima joto, niliongeza muda kwa kubahatisha, na sikukata kipande cha majaribio kabla ya kuitia rola nzima kwenye dawa. Mambo hayo matatu ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo huu. Yaliyobaki ni kazi ya kawaida ya kusafisha filamu, na ukiwa na utulivu utaizoea ndani ya rola mbili tatu.

Filamu huzeeka vipi

Filamu ni plastiki iliyopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo kuna chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukiigusa chembe huiachia alama isiyoonekana kwa jicho. Dawa ya kwanza, yaani devalopa, huzitafuta chembe zenye alama na kuzigeuza kuwa fedha halisi, ambayo ndiyo weusi tunaouona kwenye negativu. Dawa ya pili, fiksa, huziyeyusha na kuziondoa chembe ambazo hazikuguswa.

Sasa, joto, unyevu na mionzi ya asili iliyomo hewani na ardhini nayo huacha alama kwenye chembe, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata filamu ikiwa gizani. Devalopa haiwezi kutofautisha alama ya uso wa mtu na alama ya miaka thelathini ya joto la darini. Huzigeuza zote. Filamu nzima hupata wingu la kijivu, nalo tunaliita ukungu. Filamu yenye kasi kubwa, yaani inayoshika mwanga upesi na yenye namba kubwa ya ISO, hupata ukungu mapema zaidi: ya ISO 3200 iliyoachwa kabatini inaweza kuharibika ndani ya miaka michache, wakati ya ISO 100 au chini yake huvumilia miongo.

Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa ule ukungu unaoota kwenye mkate, na kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kuangalia kwa makini, kwa sababu filamu hupata ukungu wa aina zote mbili. Kuvu hula jelatini na kuifanya iyeyuke kwenye maji. Ukiona madoadoa meupe au nyuzinyuzi kwenye karatasi ya nyuma ya rola, jua kwamba filamu hiyo haitavumilia maji ya moto wala kuoshwa muda mrefu. Usiisugue, usiiguse kwa kidole ikiwa imelowa.

Una filamu ya aina gani

Kabla ya kununua dawa yoyote, jibu swali moja: filamu imeshapigwa au bado? Kama bado ni mpya ila tarehe imepita, una uwezo wa kurekebisha mambo ndani ya kamera. Kama imeshapigwa zamani, mwanga wake ulishaamuliwa na aliyeshika kamera siku ile, na wewe umebakiwa na dawa, joto na muda tu.

Rola ya milimita 35 ambayo ulimi wake, ile ncha ya mwanzo wa filamu, umeingia wote ndani ya kopo kwa kawaida imeshapigwa. Ya 120 iliyopigwa huwa imefungwa kwa kikaratasi kilichoandikwa kwamba imetumika. Kama kopo la milimita 35 halina vile viraba vyeusi na vya fedha ubavuni, huenda ni la kabla ya 1983, mwaka ambao Kodak walianzisha alama hizo za DX zinazoiambia kamera kasi ya filamu. Kasi iliyoandikwa ASA au DIN peke yake, bila ISO, nayo ni dalili ya umri.

Soma pia jina la mchakato. Ukiona C-41, hiyo ni filamu ya rangi, au ni zile chache za nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za rangi, kama Ilford XP2 na Kodak BW400CN. Unaweza kuisafisha kwa dawa za nyeusi na nyeupe na ukapata picha. Ya rangi itabaki na utando wake wa rangi ya chungwa. Kwa rola ya rangi iliyokaa miaka mingi mara nyingi hiyo ndiyo njia bora, kwa kuwa rangi huharibika kabla ya fedha. Kodachrome, filamu ya slaidi za rangi ya Kodak, haina tena njia nyingine: Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuisafisha kwa rangi, na rola za mwisho zilipokelewa mwishoni mwa Desemba 2010. Kodachrome ina tabaka jeusi mgongoni ambalo lazima uliondoe kwa maji ya magadi, kwa hiyo usianze nayo.

Kama bado haijapigwa

Kanuni ya wapigapicha ni kuongeza stopu moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, kwa kila miaka kumi iliyopita tangu tarehe ya kwenye boksi. Tri-X 400 ya Kodak iliyoisha 2005 ina miaka kama ishirini: stopu mbili. Weka kamera kwenye 100 badala ya 400 kisha piga kama kawaida. Sababu ni kwamba ukungu hufunika kwanza sehemu za kivuli. Mwanga zaidi huinua vivuli juu ya ukungu huo.

Kanuni hiyo naichukulia kama mahali pa kuanzia tu. Rola iliyokaa kwenye friji Nairobi na rola iliyokaa kwenye kioo cha duka Mombasa zinaweza kuwa na tarehe moja na zikawa filamu mbili tofauti kabisa. Ukinunua rola tano za boksi moja, tumia moja kwa majaribio: piga kitu kilekile kwa 400, 200, 100 na 50, isafishe, kisha amua nne zilizobaki. Inauma kuipoteza rola moja, lakini ni afadhali kuliko kuzipoteza tano.

Halafu ukishaipiga, isafishe wiki hiyohiyo. Filamu nyingine hazishiki picha fiche, yaani ile alama ya mwanga isiyoonekana kwa jicho, kwa muda mrefu. Ilford Pan F Plus inajulikana kwa tabia hiyo hata ikiwa mpya, na watengenezaji wenyewe hushauri isafishwe ndani ya miezi mitatu.

Vifaa na dawa

Unahitaji tangi la kusafishia lisilopitisha mwanga pamoja na rili yake, kigurudumu cha kuviringishia filamu (Paterson ndilo la kawaida), mfuko wa giza wa kuingiza mikono au chumba kisicho na mwanga hata kidogo, kipimajoto kinachosoma vizuri kati ya nyuzi 15 na 30, jagi mbili tatu za vipimo, bomba la sindano la mililita 20, mkasi, kifungulia soda cha kubandulia kifuniko cha kopo, na vibanio vya nguo. Jagi ukishazitia dawa zisirudi jikoni.

Kuhusu devalopa, kwa filamu yenye ukungu ninachagua Kodak HC-110, au Ilfotec HC ambayo ni ndugu yake. Huleta ukungu mdogo kuliko nyingi nilizojaribu, na kwa kuwa ni ya maji yaliyokolezwa unaichanganya unapoihitaji tu. D-76, iliyotoka 1927, na pacha wake Ilford ID-11 ni dawa nzuri za unga na mara nyingi ndizo rahisi kupata. Rodinal, iliyopewa hataza 1891 na ingali inauzwa, hukaa kabatini miaka mingi bila kuharibika, ila hukuza chembe, na filamu ya zamani tayari ina chembe za kutosha.

Wengi watakuambia utumie Rodinal kidogo sana, sehemu moja kwa mia ya maji, uache filamu imekaa saa nzima bila kuitikisa. Kwenye nchi ya baridi, kwa filamu usiyoijua kabisa, njia hiyo ina maana yake. Kwenye nyumba yenye nyuzi 30, saa nzima ni muda wa dawa kupanda joto na ukungu kukomaa. Mimi siitumii.

Kuna dawa mbili za kuzuia ukungu: benzotriazoli na bromaidi ya potasiamu. Zote huifanya devalopa iziache zaidi zile chembe zenye alama dhaifu. Benzotriazoli iyeyushe gramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya moto, kisha utie mililita 5 hadi 10 za maji hayo kwa kila lita ya devalopa iliyo tayari. Usizidishe, maana itameza na vivuli vya picha yenyewe. Bromaidi ni gramu 1 kwa lita. Iandike chupa jina na uiweke mbali na watoto.

Fiksa ni rahisi kuipata kuliko watu wanavyodhani. Zamani kila mji ulikuwa na studio yake na chumba chake cha giza. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Dawa za studio zimepotea madukani, lakini hospitali zilizobaki na mashine za eksirei za filamu hutumia kemia ileile. Uliza kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Fiksa ya eksirei husafisha filamu ya picha bila shida. Uliza tu kama ina dawa ya kugandisha jelatini, kwa sababu ikiwa nayo utaiosha filamu kwa muda mrefu zaidi.

Kwa kuchanganyia devalopa usitumie maji ya kisima yenye chumvi. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, mradi uhakikishe unanunua maji yaliyokenekwa na si yale makali yenye asidi.

Joto kwanza

Muda wote unaoandikwa na watengenezaji msingi wake ni nyuzi 20. Maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi hukaribia nyuzi 30, na kwa kiwango hicho dawa hukimbia, jelatini hulainika, na ukungu hupanda haraka kuliko picha. Anayeishi Arusha au Nairobi atavuka sehemu hii bila jasho.

Nyuzi nne tu juu ya 20 hupunguza muda kwa karibu theluthi moja: filamu ya dakika 6 kwa nyuzi 20 inataka dakika 4 na robo kwa nyuzi 24. Chini ya dakika 5 ni vigumu dawa kuenea sawasawa, na unapata mistari na mabaka. Kwa hiyo poza maji, usifupishe muda.

Jaza beseni kubwa maji na vipande vya barafu. Humo simamisha jagi tatu: ya devalopa, ya maji ya kusuuzia na ya fiksa, pamoja na chupa mbili za maji safi ya kuoshea. Barafu iwe kwenye beseni, isiingie kwenye dawa, kwa kuwa itaipunguza nguvu. Koroga, pima, subiri. Devalopa ikifika 20, toa barafu iliyobaki ili isiendelee kushuka. Maji ya mtungi yanakusaidia kuanza ukiwa nyuzi kadhaa chini ya bomba, hasa bara kwenye hewa kavu. Pwani kwenye unyevunyevu mtungi haupozi sana. Fanya kazi hii usiku.

Maji yote yanayogusa filamu, toka mwanzo mpaka mwisho, yasitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3. Ukiitoa filamu kwenye dawa ya nyuzi 20 ukaiingiza kwenye maji ya nyuzi 29, jelatini ya zamani inaweza kujikunja na kupasuka vipasuko vidogo kama tope lililokauka, na hapo hakuna marekebisho.

Kipande cha majaribio

Hapa ndipo watu hukosa subira, na hapa ndipo picha huokolewa. Kata ulimi wa filamu ya milimita 35, ule ulioko nje, kama sentimita tatu (ukiwa umeingia ndani, ukate ndani ya mfuko wa giza ukishafungua kopo). Mchana kweupe utumbukize kwenye fiksa na uhesabu sekunde mpaka uwe angavu kabisa. Zidisha mara mbili: huo ndio muda wako wa fiksa. Kata kipande kingine cha ulimi ukitie kwenye devalopa. Kikiwa cheusi ndani ya dakika moja au mbili, dawa yako ni hai.

Kupima ukungu kunahitaji kipande ambacho hakikuguswa na mwanga, na ulimi umeshaguswa. Ndani ya mfuko wa giza fungua kopo, nyoosha filamu mpaka mwisho wake kwenye kiini, ukate sentimita tano zilizo karibu kabisa na kiini. Mara nyingi hapo hapana picha. Kiweke kipande hicho kwenye tangi peke yake, na rola yenyewe uihifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Isafishe sentimita tano hizo kwa muda uliopanga, uitie fiksa, uitazame. Ikiwa ya kijivu chepesi na unasoma maandishi ya gazeti kupitia kwake, endelea. Ikiwa ya kijivu kizito, ongeza benzotriazoli kidogo ujaribu tena kwa kipande kingine. Ikiwa nyeusi, punguza muda.

Kwa kuanzia, HP5 Plus ya Ilford kwenye HC-110 ya sehemu 1 kwa 31 za maji ni dakika 5 kwa nyuzi 20. Kwenye ID-11 isiyopunguzwa ni dakika 7 na nusu, na ikipunguzwa nusu kwa nusu na maji ni dakika 13. FP4 Plus, nayo ya Ilford, kwenye ID-11 isiyopunguzwa ni dakika 8 na nusu. Tri-X 400 kwenye D-76 ya nusu kwa nusu ni dakika 9 na robo tatu. Filamu usiyoijua ianze na dakika 6 za HC-110 hiyohiyo. Kwa rola iliyopigwa zamani mimi huongeza si zaidi ya sehemu moja ya tano juu ya muda wa kawaida, tena ikiwa kipande cha majaribio kimeruhusu. Muda zaidi huinua picha na ukungu pamoja, na kufika mahali ukungu ndio unaoshinda.

Kupakia kwenye rili

Filamu iliyojikunja miaka thelathini inataka kubaki imejikunja. Itakuponyoka, itajiviringisha kwenye kidole, itatoka kwenye mfereji wa rili. Fanya mazoezi na filamu uliyokwisha kuiharibu, kwanza ukiangalia, kisha macho yamefumbwa. Rili ya plastiki lazima iwe kavu kabisa, unyevu kidogo tu hukwamisha filamu njiani. Mikono inayotoka jasho ndani ya mfuko ndiyo adui mkubwa wa pwani: osha kwa maji baridi, ikaushe, pakia usiku, na ukihisi mfuko umepata joto, funga filamu ndani ya tangi na kifuniko chake, toa mikono, pumzika. Kata kona za mwanzo wa filamu ziwe mviringo. Huteleza vizuri zaidi. Rili za chuma huishika filamu iliyojikunja kwa utii zaidi, lakini kuzijua kunahitaji mazoezi marefu.

Kwenye 120, filamu imegandishwa kwenye karatasi kwa utepe. Ubandue taratibu sana: ukiuchana kwa haraka gizani hutoa cheche ndogo ya mwanga.

Kusafisha

Kwa mililita 500 za HC-110 pima mililita 16 za dawa, ongeza maji ya nyuzi 20 mpaka 500. Milimita 35 moja kwenye tangi la Paterson inataka kama mililita 300, na 120 inataka 500.

Mimina devalopa upesi, anza kuhesabu. Pindua tangi mara nne kwa sekunde kumi, ligongeshe mezani ili povu litoke, kisha lirudishe kwenye beseni la baridi. Kila dakika inapoanza, pindua tena mara nne. Usitikise kwa nguvu wala kwa hamu. Kutikisa sana ni sawa na kuongeza muda. Zikibaki sekunde kumi na tano, anza kumwaga. Maji yakitoka ya buluu, kijani au zambarau, usiogope, ni rangi iliyopakwa kiwandani.

Vitabu vingi vinasema baada ya hapo utie maji ya siki. Kwa filamu mpya ni sawa: siki nyeupe sehemu moja, maji sehemu nne, nusu dakika. Kwa filamu dhaifu naona ni heri maji matupu ya joto lilelile, ujaze na kumwaga mara tatu.

Kisha fiksa, kwa muda ule uliopima, ukipindua kila dakika. Fiksa ya haraka iliyopunguzwa sehemu 1 kwa 4 kwa kawaida inamaliza kwa dakika 3 mpaka 5. Filamu ya zamani mara nyingi huomba zaidi. Baada ya hapo unaweza kufungua tangi. Ukiona utando wa maziwa kwenye filamu, haijamaliza, irudishe.

Kuosha hakuhitaji bomba kufunguliwa nusu saa, na kwa sisi tunaonunua maji kwa ndoo hilo ni jambo kubwa. Ilford wana njia ambayo nimeitumia miaka yote: jaza tangi maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Inatosha kwa fiksa isiyo na dawa ya kugandisha jelatini. Yenye dawa hiyo ioshe nusu saa, isipokuwa filamu ina kuvu. Mwisho isuuze kwa maji ya betri yenye tone moja la sabuni ya vyombo.

Njia ya kahawa na magadi

Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya papo hapo ikichanganywa na kabonati ya sodiamu inasafisha filamu. Wengine baadaye wakaongeza vitamini C. Sisi tunaishi juu ya viungo hivyo: magadi yanatoka Ziwa Magadi na Ziwa Natron, na kahawa ya Africafé inatengenezwa Bukoba, kwenye nchi ya robusta. Robusta ina asidi ya klorojeni nyingi kuliko arabika, na asidi za namna hiyo ndizo zinazofanya kazi hapa.

Kwa lita moja: kabonati ya sodiamu kavu gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, bromaidi ya potasiamu gramu 1, kahawa gramu 40. Yeyusha kabonati kwanza, kisha vitamini C (itachemka povu), kisha bromaidi, mwisho kahawa. Acha dakika tano povu liishe, tumia ndani ya nusu saa. Dakika 15 kwa nyuzi 20, ukipindua mara tatu kila dakika. Kahawa isiwe ya maziwa wala iliyoondolewa kafeini, na vitamini C isiwe vile vidonge vya kutafuna vya chungwa. Fungua madirisha, harufu yake ni nzito.

Magadi ya jikoni si kabonati tupu. Ni mchanganyiko wa kabonati, baikabonati na maji, pamoja na mchanga na chumvi. Yachekeche, yasambaze kwenye sinia la chuma, uyaoke nyuzi 200 kwa saa moja. Gramu 100 za magadi safi zikibaki kama gramu 70, yameshakuwa kabonati. Usitumie sufuria ya alumini, magadi huila. Njia rahisi zaidi ni magadi soda (soda ash) wanayonunua watengeneza sabuni za maji, ila hakikisha hawakupi kostiki soda, ambayo huchoma ngozi na macho.

Ninaipenda njia hii kwa filamu ninazopiga mwenyewe. Kwa rola ya pekee, yenye sura za watu waliokwisha kufariki, natumia HC-110.

Kukausha na kusoma ulichopata

Tundika filamu bafuni, ambako vumbi ni dogo, na ubane vibanio viwili chini ili uzito uinyooshe. Usiwashe feni. Iache usiku kucha.

Asubuhi soma kingo kabla ya picha. Kodak, Ilford na wengine huchapa herufi na namba pembeni mwa filamu kwa mwanga kiwandani, kwa hiyo nazo husafishwa na dawa yako. Herufi zikiwa nyeusi vizuri na fremu zikiwa tupu, dawa ilifanya kazi na rola haikupigwa, au picha fiche imefifia. Herufi zisipoonekana na filamu ni angavu, devalopa ilikuwa imekufa, au umetanguliza fiksa. Kingo zikiwa za kijivu kizito, huo ni ukungu, na usiitupe filamu. Negativu inayoonekana nyeusi mezani inaweza kutoa picha nzuri ikipigiwa mwanga mkali kwa nyuma: iweke juu ya ubao wa taa, ipige kwa kamera yenye lenzi ya karibu, ongeza mwanga stopu mbili au tatu, hifadhi faili ghafi, kisha geuza rangi na unyooshe weusi na weupe kwenye programu. Skana ya bei ndogo itashindwa pale ambapo kamera inapita.

Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake. Usiimwage karibu na kisima wala bwawa la samaki. Ikusanye kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza steli wulu ya jikoni, iache siku kadhaa: chuma huyeyuka na fedha hutulia chini kama tope jeusi. Mimi hulihifadhi tope hilo kwenye chupa.

Kata negativu vipande vya fremu sita, uviweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo lenye pakiti za kukausha unyevu. Na kabla hujafanya lolote jingine, mpelekee mzee wa nyumba picha kwenye simu, hata zikiwa na mabaka, umuulize ni nani na ni wapi. Andika majina kwa penseli juu ya bahasha siku hiyohiyo, ukiwa bado umekaa naye.